Makaa ya mawe yaliyolowa: jiko linakuonyesha nini na ufanye nini

Ugonile kwa wa Mbeya na Rungwe, kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Haya maelezo ni ya wenye jiko la chuma la kuotea moto ndani, lile lenye mlango, wavu wa chini, droo ya majivu na bomba la moshi linalotokea juu ya paa, na wanachoma makaa ya mawe. Kama jiko lako halina bomba basi makaa ya mawe usiyaingize ndani kabisa, yawe makavu yawe yamelowa, hapo hakuna cha kurekebisha.

Huku kwetu makaa kulowa ni jambo la kila mwaka. Mengi yanatoka Kiwira kule Ileje, mengine Ngaka kule Ruvuma, yanakaa kwenye malundo ya wazi na yanasafiri kwenye malori ambayo sio yote yana turubai. Mvua zinaishia mwezi wa 5, baridi inaingia wa 6, kwaiyo gunia unalonunua ukiwa na haraka ya kuota moto ndilo limekunywa mvua msimu mzima. Rungwe ndo zaidi maana hata kiangazi kunanyunyiza.

Msimamo wangu mapema kabisa: makaa yaliyolowa yanachomeka, ila moto uwe umeshakolea kwanza, uweke kidogo kidogo, na hewa iwe wazi. Kuyafunika usiku ili jiko lidumu mpaka asubuhi watu wamelala, hapana. Madhara makubwa karibu yote yanatokea pale mtu anapobana hewa kwenye moto ambao bado una maji.

Kichwa kinauma, na wenzako pia

Naanza na hii kwa sababu matatizo mengine yote yanaweza kusubiri asubuhi, hili halisubiri.

Mmekaa sebuleni, jiko linawaka kivivu, mmoja anasema kichwa kinamgonga, mwingine kizunguzungu, mtoto anatapika au amelegea tu anataka kulala. Wengi wanafikiria malaria au chakula cha mchana. Angalia vitu viwili, wameanza kuumwa kwa pamoja? Na wakitoka nje wanapata nafuu? Kama ni ndio, chukulia ni kaboni monoksaidi mpaka ithibitike vingine. Hii gesi haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwaiyo kiasi kidogo tu hewani kinatosha kuijaza damu taratibu huku mtu hasikii chochote.

Makaa yaliyolowa yanaizalisha kwa njia mbili. Kwanza yanapoza moto, na moto uliopoa hauunguzi gesi zake mpaka mwisho, kaboni monoksaidi inataka joto la nyuzi 600 na zaidi ndo iungue yenyewe. Pili, mvuke unaotoka kwenye yale mabichi, yani yaliyolowa, ukipita kwenye makaa mekundu sana unageuka kuwa kaboni monoksaidi na haidrojeni. Kukiwa na hewa ya kutosha juu ya moto zote mbili zinaungua na unaona ndimi za bluu, ukibana hewa zinatafuta pa kutokea.

Cha kufanya: toa watu wote nje, acha kwanza kuhangaika na jiko, unapopita fungua milango. Aliyezimia au anayeongea ovyo mkimbizeni hospitali au piga 114 ya zimamoto, na mkifika semeni wazi kwamba alikuwa kwenye chumba chenye moto wa makaa ili apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hii inachukua kama saa 4 hadi 5 kupungua nusu kwenye damu, kwa oksijeni ya barakoa ni kama saa moja na nusu, ndo maana kusubiri nyumbani ukimpepea sio sawa. Maziwa hayasaidii, gesi iko kwenye damu haiko tumboni. Mjamzito apelekwe hata kama anasema yuko vizuri maana mtoto wa tumboni anaumia kuliko yeye.

Kuna imani tatu naombeni sana tuachane nazo. Ya kwanza eti ukiweka beseni la maji karibu na jiko linanyonya gesi, hii gesi haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kusaidia chochote. Ya pili eti makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yako salama, kumbe pale ndipo yanapotoa sumu nyingi bila dalili, na hili linahusu sana jiko la mkaa la kubeba ambalo watu wanaliingiza chumbani baridi ikizidi, wanafunga mlango wanalala. Makete, Kitulo, Mufindi, baridi ya huko inaumiza naelewa, lakini jiko la kubeba likishatoka nje lisirudi ndani kulala na watu. Ya tatu eti kengele ya moshi inatosha, ile haitambui kaboni monoksaidi, inatakiwa kengele yake maalum na ukiipata iweke kwenye chumba cha kulala.

Umeongeza makaa, moto umenyamaza

Hili ndo lalamiko la kawaida kuliko yote. Moto ulikuwa mzuri, umemimina chepe mbili, moshi mzito wa kijivu umejaa, wekundu umepotea.

Watu wanadhani maji yanakula joto lote. Ukipiga hesabu sio hivyo, kilo moja ya maji kuipasha kutoka kwenye ubaridi wa asubuhi mpaka iwe mvuke inataka joto la gramu 100 hadi 150 hivi za makaa. Hasara hiyo ipo ila ni ndogo. Tatizo lenyewe ni kwamba kipande chenye maji hakipandi joto mpaka maji yaishe, na kwa mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94, kwaiyo tabaka lote la juu limekwama kwenye nyuzi tisini na kitu wakati gesi za makaa zinahitaji mamia ili ziwake. Yani umeufunika moto kwa blanketi bichi. Gesi zinatoka chini, zinapita kwenye tabaka la baridi, zinaondoka bila kuungua, na huo ndo moshi unaouona, ni makaa yako uliyonunua yanapaa bila kukupa joto.

Suluhisho lake ni mpangilio. Sogeza makaa mekundu yote upande mmoja au yarudishe nyuma, weka yale mabichi upande wa pili, kiasi cha mikono miwili tu, na uhakikishe sehemu ya moto mwekundu inabaki wazi inaonekana. Moshi wa yale mabichi ukipita juu ya wekundu ule unawaka hapohapo. Fungua hewa ya chini yote, yani tundu la hewa lililo chini ya wavu. Subiri mpaka mvuke uishe na ndimi zianze kutoka kwenye vipande vipya ndo uongeze tena. Kama moto umeshapoa sana usirundike makaa juu yake, weka kuni kavu za miwati au magunzi ya mahindi kwanza ukoleze upya.

Usimwagie mafuta ya taa wala petroli. Kwenye makaa ya moto mafuta yanageuka mvuke kabla hayajawaka, na yanapowaka yanawaka yote kwa mara moja usoni kwako. Na vipande vya malapa na plastiki ambavyo watu wanawashia mkaa, ndani ya nyumba ni sumu juu ya sumu.

Kama hata kwa mpangilio huo moto haukubali, angalia majivu. Makaa ya kwetu haya yana majivu mengi, na makaa ya mawe tofauti na kuni yanataka hewa ipite chini kwenye wavu. Droo ikijaa au wavu ukiziba hata makaa makavu yatagoma, utayalaumu maji bure.

Jiko limefanya "puu" na mlango umefunguka

Hii inatisha na ina haki ya kutisha. Umeongeza makaa mabichi, hasa chenga, yani makaa madogo yaliyosagika, moto umefunikwa wote, dakika chache kimya, ghafla mlipuko mdogo, moshi na masizi yamerukia sebuleni, wakati mwingine bomba limechomoka kwenye maungio yake.

Ni zile gesi za hapo juu. Zimejaa ndani ya jiko bila kuwaka kwa sababu hakuna ulimi wa moto juu, alafu moto wa chini umetoboa tundu, ulimi umetokeza, na zote zimewaka kwa pamoja. Chenga zilizolowa ni mbaya zaidi ya vipande kwa kuwa zinashikana kama tope na kuziba kila upenyo. Wahunzi wanaotumia makaa ya mawe wanalowesha chenga makusudi zishikane pembeni ya moto, lakini pale moto uko wazi katikati na haujafungiwa ndani ya sanduku la chuma.

Kwaiyo usiufunike moto wote, daima acha jicho la moto wazi. Chenga bichi usizitupie moja kwa moja, zichekeche, zikaushe, na hata zikikauka zichanganye na vipande. Na ukikuta umeshaufunika na hakuna ulimi unaoonekana, usifungue mlango kwa kuuvuta ghafla, hewa mpya ikiingia ndo inawasha. Fungua dampa ya bomba yote, yani kile kifuniko cha kubana moshi ndani ya bomba, fungua kidogo hewa ya juu, yani tundu la hewa lililo juu ya moto, subiri, alafu mlango ufungue taratibu kwa upenyo mdogo ukiwa umesimama pembeni. Usiiname mbele yake.

Bomba likiwa limechomoka, huo moto hauendelei. Toa watu, acha uzime kwa kukosa makaa mapya, na bomba lifungwe vizuri kwa skrubu kila ungio kabla ya kuwasha tena. Maji usimwage kwenye jiko la moto, chuma cha kalibu kinapasuka na mvuke unaunguza.

Moshi unarudi ndani

Hapa makaa kulowa ni sehemu tu ya sababu. Moshi unapanda bombani kwa sababu ni wa moto kuliko hewa ya nje, makaa mabichi yanatoa moshi wa baridi na mzito wenye mvuke, kwaiyo mvuto unadhoofika. Ongeza na mwinuko wetu: hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Dar, Njombe na Makete nyepesi zaidi, jiko linalofanya kazi vizuri pwani huku linahitaji bomba refu kidogo na hewa iliyofunguliwa zaidi.

Jaribu kwanza kulipasha bomba. Kabla ya makaa choma gazeti na vijiti vikavu vya paini kwa dakika kadhaa mpaka usikie bomba linavuta, ndo uweke makaa. Moshi ukirudi hata kwa vijiti vikavu basi shida ni bomba lenyewe: limejaa masizi, ndege amejenga, lina kona nyingi au kipande kirefu kilicholala, au juu limeishia chini ya kilele cha paa na upepo unasukuma moshi urudi. Juu lipite kilele kwa sentimita 60 hivi na liwe na kofia ya kuzuia mvua, maana bomba lisilo na kofia linakulowesha makaa yaleyale uliyohangaika kuyakausha.

Angalia pia nyumba. Wengi tunaziba kila upenyo kipindi cha baridi, matambara chini ya mlango, magazeti madirishani, alafu tunashangaa moshi haupandi. Jiko haliwezi kutoa hewa nje kama hakuna inayoingia. Acha tundu la kudumu chumba chenye jiko, hata baridi iweje.

Maji meusi yanadondoka kwenye bomba

Unakuta matone ya rangi ya chai ya rangi au meusi kabisa kwenye maungio, yananuka lami. Ni mvuke wa makaa yako umefika juu ambako bomba ni la baridi, umegeuka maji, ukachanganyika na masizi na lami. Makaa ya mawe yana salfa pia, moshi wake ukikutana na huo unyevu unakuwa asidi, na asidi hiyo inalitoboa bati la bomba kutokea ndani. Fundi wa kuchomelea akikwambia bomba limeliwa ndani ya muda mfupi mwamini, na bomba lililotoboka ndani ya dari ndo njia ya moshi na moto kuingia kwenye mbao za paa.

Cha haraka ni kupunguza mabichi na kuchoma moto mkali mfupi kila siku kwa kuni kavu au makaa makavu ili bomba likauke, mradi masizi sio mengi. Kama masizi yameshakuwa tabaka nene safisha kwanza kwa brashi jiko likiwa la baridi, kwa sababu moto mkali kwenye bomba lenye lami unaliwasha bomba lenyewe, utasikia mngurumo kama lori linapanda Mlima Nyoka. Ikitokea hivyo funga hewa yote ya chini na ya juu, toa watu, piga 114. Hapa tu ndo kufunga hewa ni sahihi, kwa sababu watu wameshatoka.

Kwa anayechoma makaa yaliyolowa bomba liangaliwe kila mwezi wakati wa baridi.

Vipande vinapasuka na kuruka

Maji yaliyoingia kwenye nyufa za jiwe yanageuka mvuke ghafla na kulipasua. Mlango ufungwe, mkeka na nguo viwe mbali, watoto wasikae mbele. Vipande vikubwa vipasue kwa nyundo ukiwa nje kabla ya kuvikausha, vinakauka haraka na havirushi sana.

Harufu kama kiberiti kilichowashwa tu

Hiyo ni salfa, na inamaanisha moshi unavuja chumbani. Usiizoee. Salfa inanuka, kaboni monoksaidi isiyonuka inapita tundu hilohilo. Pita kwenye maungio yote ya bomba na ukingo wa mlango na mshumaa au njiti inayotoa moshi uone inavutwa wapi na inasukumwa wapi, kamba ya kuzuia joto ya mlango ikiwa imekufa badilisha.

Utajuaje yamelowa kiasi gani, na utayakaushaje

Chenga fumbata mkononi, zikishikana kuwa donge zimelowa. Vipande, chukua kilo 5 kwenye mizani ya duka, vianike juani siku mbili, vipime tena. Vikirudi kilo 4.5 ina maana asilimia 10 ya ulicholipia ilikuwa maji, na hiyo ni hoja nzuri ya kupeleka kwa muuzaji wa kupima kwa kilo. Kuna unyevu mwingine uko ndani ya jiwe lenyewe, huo hautoki kwa jua na hausumbui sana, unaohangaika nao ni wa juu juu.

Kukausha inatosha chaga ya mbao iliyoinuliwa, chini ya paa, pembeni wazi upepo upite. Usiyaache kwenye kiroba, maji yanabaki chini. Ukileta ndoo ya kesho ndani weka umbali wa mita moja hivi kutoka kwenye jiko, sio juu ya jiko wala kulibana ubavuni, yakikauka hapo yanaweza kushika moto bila wewe kuona. Vile vitofali vya makaa ya mawe vinavyouzwa kama mkaa mbadala vikilowa na kumeguka usivilazimishe, vianike, vilivyosagika vichanganye kidogo kidogo na vipande.

Lundo la stoo linatoa mvuke

Kama umenunua mengi ukayafungia stoo yakiwa mabichi, ukaona mvuke asubuhi, au ukaingia ukasikia harufu kama ya mafuta ya taa, au ukipeleka mkono karibu na katikati ya lundo unahisi joto, makaa yameanza kujipasha yenyewe. Makaa yanakula oksijeni polepole na kutoa joto, kulowa na kukauka kwa zamu kunaongeza, na chenga nyingi katikati zinazuia joto kutoka. Yakiachwa yanawaka bila mtu kuyawasha. Pia yanaimaliza hewa ya stoo, kwaiyo usiingie ukafunga mlango nyuma yako.

Fungua mlango kwanza stoo ipate hewa, alafu tandaza lundo nje kwa chepe, tabaka jembamba, yapoe. Ukiona moshi au wekundu usianze kuchimba mwenyewe, kuchimba kunaingiza hewa, ita zimamoto. Yakishapoa yarudishe kwenye lundo lisilozidi mita moja, chenga ukizitenga na vipande, chini ya paa, mbali na ukuta wa chumba cha kulala.